Mtihani wa Mama Atieno

Ipo siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, lakini kwanza nikueleze nilivyofika. Nilitoka Butere kwa lori la miwa, nikapanda treni Kisumu, na niliposhuka stesheni ya Nairobi nikatembea hadi mtaa wa Baba Dogo kwa sababu mtu aliniambia ni "hapo tu." Mwanangu, hapo tu ya Nairobi ni asubuhi nzima. Nilibisha kwa binamu yangu viatu vimefungua midomo.

Ilikuwa miaka ya tisini. Kidato cha nne nimemaliza, kazi hakuna. Kule mtaa wa Mowlem, nyuma ya ploti moja, fundi wa kuchomelea aliyeitwa Karanja alikuwa na uwanja wa kunyanyulia vyuma. Vyuma vyenyewe vilikuwa mikebe ya rangi iliyojazwa saruji. Mtihani wa ukocha ulikuwa mmoja tu: ukiinua mkebe mkubwa mara kumi, wewe ni kocha. Niliinua mara kumi na mbili, nikaanza kutembea kama niliyebana matikiti kwapani.

Basi kiwanda kimoja cha sweta pale Baba Dogo kikatafuta mtu wa kuwafanyisha wafanyakazi mazoezi kabla ya zamu, maana migongo ilikuwa inawauma kwa kuinama. Bi Wanjiru, afisa wa wafanyakazi, akanipa majaribio ya wiki mbili. Nikifaulu, kazi ni yangu. Nami niliyekuwa nikilala sakafuni kwa binamu sikuwa na ombi jingine kwa Mungu.

Siku ya tatu nikasimama mbele yao kifua mbele. "Mambo!"

"Poa!" wakaitikia wote.

Mstari wa kwanza alikuwapo Mama Atieno, mpakiaji wa sweta, mtu wa Siaya, mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. "Na wewe mathe, uko poa?" nikamuuliza; mathe ndiyo mama kwa vijana wa mjini.

"Poa kabisa, kijana wangu!"

Nikawaamuru wachuchumae mara thelathini. Mara ya ishirini goti la Mama Atieno likalia ko! Akaenda chini. Wiki nzima hakukanyaga kiwandani.

Bi Wanjiru akaniita ofisini. "Hukumuuliza kama ni mzima?"

"Nilimuuliza, madam. Akasema poa."

"Kijana, mitaa hii ya Eastlands hata maiti ukimwambia mambo atakujibu poa! Hiyo ni salamu, si habari. Mimi sitafuti misuli. Natafuta mtu atakayenirudishia watu wangu kwenye mashine wakiwa wazima. Nenda ukajifunze. Nafasi hii nitakuwekea miezi mitatu, zaidi ya hapo sikujui."

Nilikwenda kumwomba msamaha Mama Atieno. Akaniwekea chai, akasema, "Ningesemaje mbele ya watu, kwamba goti liliniharibikia tangu mimba ya Atieno? Nionekane kikongwe?" Wazee walisema mficha maradhi kifo humfichua. Lakini mimi, mwanangu, ndiye niliyemsaidia kuyaficha.

Karanja alinuna siku mbili nilipomwambia mtihani wake ni wa punda. Kisha akatafuta muuguzi wa zahanati ya jirani, na kila Jumamosi tukafundishwa viungo, pumzi na mapigo ya moyo. Na mtahini wa mtihani mpya wa ukocha akawa nani? Mama Atieno mwenyewe, kwenye kiti cha mbao, katikati ya mikebe ya saruji.

Wa kwanza alikuwa kijana mmoja mwenye mikono kama mihimili. "Mathe, niaje?"

"Poa."

"Haya, chini!"

"Umeanguka wewe," akasema Mama Atieno, "na mimi bado nimeketi!" Uwanja mzima ukacheka.

Zamu yangu ilipofika, Bi Wanjiru alikuwa amekuja kutazama, na miezi yangu mitatu ilikuwa imebakiza siku chache. Nikamsalimu, naye akajibu poa kama kawaida. "Poa vipi, mama? Ukipanda ngazi je?"

"Kupanda si neno."

"Na kushuka?"

Akajishika goti. "Kushuka ndiko kunakonimaliza."

Sikumwinua kitini. Nikamfundisha kunyoosha mguu akiwa ameketi, polepole, hadi jasho jembamba likamtoka. Jumamosi iliyofuata akarudi mwenyewe, bila kuitwa. Jumatatu Bi Wanjiru akanipa kazi.

Nilikaa miaka minne. Halafu miguu yangu isiyojua kutulia ikaniwasha tena. Siku niliyoondoka nisirudi, vijana wanne wa Karanja walikuwa tayari wameajiriwa na viwanda vya jirani, kwa neno la Mama Atieno tu. Alinisindikiza hadi getini. "Enda, lakini uoe! Hiyo misuli itakupikia?"

Mwanangu unayetaka kufundisha watu mazoezi, tafuta cheti, tena kizuri. Ila mwajiri hanunui kifua chako. Ananunua usalama wa mtu aliyekuaminia mwili wake. Kuuliza si ujinga, na kuuliza mara ya pili ndiyo kazi yenyewe. Mungu akupe sikio lenye subira na mkono mpole, na kila anayekuja kwako kwa miguu yake arudi kwao kwa miguu yake.