Video ya Ekai aliyoniletea mgeni

Jumamosi, Lodwar.
Dada Akiru, na marafiki zangu,

Leo mgeni amekunywa chai yetu ya matanga, kisha akanionyesha video aliyoichukua siku mume wangu Ekai alipoanguka sokoni Kakuma, moyo ukasimama.

Mama mmoja wa Sudan Kusini amepiga magoti, anamkandamiza kifua kuuamsha moyo.

Sauti inacheka: "Wewe mama, wacha mzee alale. Amelewa huyo."

Watu wanamvuta mama huyo pembeni. Hakuna anayeendelea kumkandamiza Ekai.

Ekai hakuwahi kuonja pombe.

Na sauti ile ni ya mgeni wangu.

"Nimekuwekea kumbukumbu," akasema, akaomba sukari.

Nikamwondolea kikombe mkononi.

Video hiyo ikiwafikia, tafadhali ifuteni. Mkumbukeni Ekai aliyewaita mbuzi wake kwa majina, hata siku ya kuwauza.