Rodah Aliyerudi Kuuliza

Rodah ni mwalimu wa maktaba katika chuo kimoja upande wa Kabianga. Kwao ni ng'ambo ya mto kutoka kwangu, hapa Silibwet. Nilimjua akiwa mtoto wa kuchuma majani chai na mama yake wakati wa likizo, kapu limempita urefu. Siku hizi anafundisha vijana kuuliza mambo matatu. Nani amesema? Alijuaje? Umerudi kumwuliza?

Nilidhani hiyo si kazi. Kuuliza ni kazi gani?

Mke wangu Cheptoo, mama wa kijana wetu Noah, alikufa mwezi wa nne, mwaka jana. Mwezi wa tisa akaja kijana wa chuo, Omwenga. Yeye na wenzake walitumwa kuandika maisha ya watu wa huku. Aliweka simu mezani, nikasema kidogo. Sina maneno mengi. Akanywa chai, akaenda.

Kitabu chao kilikuwa kitolewe Ijumaa, siku ya wageni. Kingesomwa mbele ya watu wote, na kanisa letu limealikwa. Jumatano jioni Rodah akaja. Omwenga yuko nyuma yake, anaangalia viatu.

Rodah alikataa kiti.

"Mzee, nisamehe kwa nitakalouliza. Mama Noah alikuwa anakunywa?"

"Kunywa nini?"

"Pombe."

Nilisimama. Cheptoo aliongoza akina mama wa kanisa miaka kumi na tisa. Hata mursik, maziwa yetu ya kugandisha, ikikaa sana alimwagia mbwa.

"Toka kwangu."

"Nitatoka. Lakini imeandikwa, mzee. Imeandikwa ni wewe umesema."

Akasoma: "Bibi yangu aliuawa na pombe. Nilimkataza, hakusikia. Alianguka nayo shambani."

Nikakaa tena. Maneno yalikuwa yangu. Hilo moja halikuwa langu.

"Mwalimu wa huyu kijana amempa alama za juu," Rodah akasema. "Mkuu wa chuo anasema vitabu mia mbili vimeshachapwa, niache. Mimi nilimjua mama. Lakini kumjua si kuuliza. Ungeniambia ndiyo, ningeacha ilivyo."

Omwenga akatoa simu. "Ni simu iliandika, mzee. Mtu anaongea, yenyewe inaandika."

"Na wewe ulisikiliza?" Rodah akamwuliza.

Omwenga akageuza simu mkononi.

"Weka sauti."

Nikajisikia naongea, pole pole kama mgonjwa. "Pipi yangu aliuawa na pompa."

Sisi Wakipsigis wa zamani, B na P kwetu ni mtu na ndugu yake. Bibi ilitoka pipi. Bomba ikatoka pompa.

"Simu iliandika pipi yangu?" Rodah akauliza.

"Ndiyo, madam. Hiyo nilirekebisha. Nilicheka, nikajua ni bibi."

"Na pombe?"

"Hiyo... niliona inaingiana."

"Inaingiana na nani? Ulimjua?"

Kijana akatikisa kichwa. Halafu akajaribu kujitetea. "Lakini mzee pia alisema pompa."

"Na nyinyi Wakisii?" nikamwambia. "Lori si mnasema rori? Nikuandike ulikuja hapa na rori?"

Karibu acheke. Rodah hakucheka, naye akaacha.

Nikawapeleka nyuma ya nyumba. Bomba iko pale, ile ya plastiki ya kubeba mgongoni, ya kupigia kabichi dawa. Sijaigusa tangu siku ile. Shamba letu ni mteremko, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilimwambia Cheptoo angoje Noah arudi. Akasema kabichi hazimngojei Noah. Aliteleza na lita ishirini mgongoni, kichwa kikapiga jiwe. Mkanda wa begani bado una fundo lake. Alikuwa mfupi, ilibidi aufupishe.

Omwenga aliushika mkanda, akauachilia haraka.

"Andika," Rodah akamwambia. "Na uandike siku uliyorudi."

"Na vile vitabu?" nikauliza.

"Sijui, mzee. Mkuu amekataa. Nitarudi kwake kesho."

Alhamisi sikusikia lolote. Ijumaa nilivaa koti, nikavua, nikavaa tena. Nilijua kama lile neno litasomwa mbele ya akina mama wa Cheptoo, sitaingia kanisa hilo tena.

Nilifika chuo wageni wamekaa uwanjani. Vitabu havijagawanywa. Nikaenda maktaba. Omwenga na wenzake walikuwa mezani na kalamu, kitabu kwa kitabu, wanakata neno moja na kuandika lingine juu yake. Mkuu alisimama mlangoni, anaangalia saa.

"Rodah! Watu wanangoja. Ni neno moja tu!"

"Bado vitabu thelathini na moja, mkuu."

"Kitaonekana kichafu."

"Kiwe kichafu."

"Jibu hilo tutalizungumza Jumatatu, mimi na wewe."

"Sawa, mkuu." Hakuinua macho.

Akanipa kitabu kimoja. "Kagua, mzee."

Herufi nilizijua gumbaru, darasa la watu wazima, uzeeni. Cheptoo ndiye alinisukuma huko. Niliweka kidole. Ukurasa wa kumi na nne, kalamu ya buluu. B. O. M. B. A.

"Soma tusikie," Omwenga akasema.

"Pompa," nikasoma.

Hakuna aliyenirekebisha.

Nikavuta kiti. Vilivyobaki nilikagua mwenyewe, kimoja kimoja, mkuu akingoja.