Dagaa Weusi wa Nkome

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, miaka ya sabini, nilipokwenda likizo Nkome, kando ya ziwa, kumsaidia shangazi yangu kukausha dagaa. Aliwauza gulioni Kishapu. Safari hiyo mzigo wake wote ulikuwa mchangani, umeanikwa tangu jana.

Asubuhi nilisikia harufu ya mafuta.

"Shangazi, kuna kitu kinanuka."

"Karabai hizo, ng'wanawane. Dar imekusahaulisha taa za wavuvi?"

Kweli, dagaa huvuliwa kwa taa hizo, na harufu ya mafuta haiondoki ufukweni. Hata mimi, mbishi wa kila kitu, nilikubali.

Tulipoanza kuwageuza, chini walikuwa weusi. Mawimbi yalikuwa yamepanda na kuulowesha mchanga kwa mafuta machafu ya injini. Utando wake ulielea hadi kwenye meli ya mizigo iliyotia nanga mbele yetu.

Majirani walikuja na makopo, wakicheka. Wanayachota! Mafuta hayo hupakwa kwenye nguzo za nyumba ili mchwa wasizile.

"Msomi, lete na kopo lako!"

Baharia mmoja akashuka kutafuta kitoweo. "Shikamoo mama." Kabla shangazi hajaitikia nikamrukia.

"Ninyi ndio mmemwaga haya?"

"Maji ya chini ya injini hayo. Tunamwaga kila safari."

"Sheria inakataza!"

"Ziwa lote hili, kaka, litajaa?"

Hakuwa na hasira wala aibu. Aliokota dagaa mmoja wa shangazi, akamnusa, akamrudisha. "Mama, hawa wananuka mafuta." Akaenda kununua kwa mwanamke aliyeanika juu ya mawe.

Nilianza kutaja barua kwa mkuu wa wilaya, kwa gazeti, kwa yeyote. Shangazi hakunisikiliza. Jirani alikuwa akimshauri awasuuze, awachanganye na wazuri. Watu wa Kishapu wako mbali na ziwa, watajuaje?

"Wananunua kwangu kwa kuniamini," alisema. "Na wanawapa watoto."

Akaniomba jembe. Nilichimba shimo nyuma ya nyumba hadi viganja vikachubuka, naye akawa anawamwaga dagaa humo, beseni baada ya beseni, akimfukuza kila kuku aliyesogea.