Senema ya Kijerumani Iliyoniponza kwa Wakwe

Shule mimi nilikaa miaka mitatu, na mmojawapo niliugua surua, kwa hiyo msinidai maandishi mazuri. London nilifika baada ya Mapinduzi, nikawa naosha vyombo hotelini. Chumba changu kilikuwa na baridi, siagi hailainiki... lakini hayo niyaache. Nilitaka kuoa.

Binti alikuwa wa Tooting, wazazi wake Waunguja kama mimi. Nilipopeleka posa, baba yake akaniuliza kazi. Ulimi ukaniponyoka: "Mkalimani, baba. Wa Kijerumani." Kiingereza angeweza kunipima.

"Nitakujibu," akasema.

Jumapili moja mchana tulikuwa Kingsbury, kwenye ukumbi ambao Mhindi mmoja mwenye duka, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa akituonyesha senema za Kihindi. Wanaume mbele, wanawake nyuma, kama kwetu. Siku hiyo aliletewa kopo la filamu silo. Ikatoka senema ya Kijerumani ya kuchekesha, ya enzi zile picha zimeanza kusema juzi, basi hazinyamazi.

Watu wakaguna. Mzee wangu, baba wa binti, akasimama: "Tulieni! Mkwe wangu mkalimani."

Mkwe! Neno lile nimelingoja miezi minne, likaja siku ya adhabu.

Nikasimama kando ya shuka la picha. Mwanamume mnene akaingia nyumbani bila hodi. Msichana akampokea kofia, akamvua viatu, akamletea kahawa. "Huyo baba mtu," nikasema. Nani mwengine anavuliwa viatu? Kisha kijana mwembamba akajificha kabatini. "Huyo mchumba. Baba hamtaki."

Yule mnene akapayuka dakika nzima. Nikasema, "Anakataa." Kijana akachungulia, akatamka neno moja. Nikasema, "Anasema, mzee wangu, mimi sina mali, lakini naswali, sivuti sigara, na binti yako nitamtunza kama mboni ya jicho."

"Yote hayo kwa neno moja?" mtu akauliza.

"Kijerumani kizito, bwana."

Kina mama nyuma wakapandisha sauti: "Mpe mtoto wa watu, we baba una roho mbaya!" Nikamwona mzee wangu anafuta macho. Basi nikazidi kunoga.

Ndipo yule mnene akamshika msichana kiuno, akambusu mdomoni. Busu refu.

"Astaghfirullah! Baba gani huyo?"

Mhindi akaziba mashine kwa kofia yake, kama desturi yake penye mabusu. Giza likaingia, lakini sauti kofia haizibi.

Mzee akanivuta hadi mlangoni. "Kijerumani unajua?"

"Sijui, baba."

"Kazi yako nini?"

"Naosha vyombo hotelini."

"Hilo ungelisema tangu mwanzo. Rudi ukamalize, watu wanataka kujua yule wa kabatini anatokaje. Nyumbani nitamwuliza mwenyewe."

Kwetu mwari akiulizwa akanyamaza, amekubali. Huyu hakunyamaza. Alicheka mpaka akakaa chini. Mama yake akasema kucheka pia ni kukubali. Baba yake akasema la, anamcheka yule Mjerumani. Wakabishana siku mbili, nami huku navunja sahani za watu.

Siku ya tatu wakamwuliza tena, polepole, bila kumtajia senema. Akatazama jamvi, kimya. Mama yake akapiga kigelegele mpaka jirani Mwingereza akagonga ukuta.