Ushuhuda Mbele ya Godeliva

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo mpaka leo kanisani wakianza kuita watu wa kushuhudia, inanirudia kama ya jana. Nilikuwa bado kijana, nina watoto wawili tu, na nyumba yetu hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, ilikuwa ya nyasi. Mume wangu Yoeli alikuwa mkulima. Tulilima mihogo na karanga nje ya mji, kwenye njia ya kupanda Fizi, na shamba lililopakana na letu lilikuwa la Godeliva na mume wake Melkiori.

Wao walitoka Burundi. Walikimbia vita, wakavuka ziwa na watoto na sufuria, basi. Mwanzoni Godeliva hakujua Kiswahili vizuri, na mimi Kirundi sikujua hata neno moja, lakini watu wakipalilia jirani kila siku, lugha inakuja yenyewe. Tuliazimana chumvi, tukaachiana watoto. Jumapili tulienda kanisa moja na kuimba katika kwaya moja, korale yetu, ingawa yeye alikuwa na sauti na mimi nilikuwa na kelele tu.

Mwaka ule mvua ilikatika karanga zikiwa bado kwenye maua. Waume zetu wakaamua kwenda Misisi kuchimba dhahabu, kama wanaume wengi wa huku wanavyofanya shamba likikataa. Yoeli alitaka mabati. Melkiori alisema anataka mbuzi, jike na dume, na akishawapata hataingia tena shimoni maisha yake yote. Waliondoka pamoja, wakachimba shimo moja.

Mimi nilibaki na Koko Anjelani, mama mkwe wangu. Usimfikirie kuwa mama wa maombi wa kupiga makofi na kuanguka chini. Alikuwa mjane mfupi, mpole, na kanisani alikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Sijawahi kumsikia akiomba kwa sauti. Nakwambia kweli, wakati ule nilifikiri imani yake ni ndogo.

Alasiri moja tulikuwa tunamenya mihogo, mimi na Koko na Godeliva, pikipiki ikaingia uani. Kijana aliyeiendesha alikuwa mwekundu kwa vumbi, mpaka kope.

"Kwa Yoeli njo hapa?"

"Njo hapa," Koko akajibu, kwamba ndipo kwake.

"Shimo imeanguka kule Misisi. Batu ya Baraka beko ndani. Benzao beko banachimbua."

Watu wa Baraka wamefukiwa! Godeliva aliangusha kisu. Shemeji yangu, mdogo wake Yoeli, akapanda pikipiki ileile nyuma ya kijana wakaenda. Sisi wanawake tukakimbilia chumba cha sala pale kanisani, tukafunga. Hatukula, hatukunywa. Mimi niliomba kwa nguvu zangu zote, natembea huku na huku, namkumbusha Mungu ahadi zake kama vile amezisahau. Godeliva alipiga magoti pembeni, anasema kwa Kirundi polepole, sentensi moja ileile. Baadaye nilimwuliza ilikuwa na maana gani. Akaniambia: "Nilisema, Mungu, ni wewe uliyetuvusha."

Kesho yake lori lilifika. Lori moja liliwaleta wote wawili. Yoeli alikuwa amelazwa juu ya magunia, mguu umevunjika, anapumua. Melkiori alikuwa amefunikwa turubai.

Siwezi kukuelezea kilio cha siku ile, na sitaki. Nitakuambia tu alichosema Yoeli. Alisema Melkiori alimwona amechoka, akamwambia, "Panda juu, kunywa maji, mi nitaendelea." Yoeli alikuwa karibu na mdomo wa shimo ardhi ilipoachia. Ni hayo tu. Kikombe cha maji. Godeliva aliposikia maneno hayo alitingisha kichwa, akasema, "Melkiori alikuwa vile." Tukamzika hapa Baraka, korale nzima ikaimba, isipokuwa mjane wake.

Sasa, mwanangu, sikiliza vizuri.

Jumapili iliyofuata niliamka na furaha ambayo sikuweza kuificha. Usinihukumu. Mume wangu alikuwa hai kitandani, analalamika kwamba uji hauna sukari! Nilivaa kikwembe changu kizuri, nikawa natwanga majani ya mihogo, sombe ya mchana, huku najaribu maneno ya ushuhuda wangu kwa sauti: "Ndugu, nilifunga, sikuyumba. Niliamini, na Bwana ameheshimu imani yangu."

Koko alikuwa anachagua mchele. Akaacha.

"Godeliva atakuwa kanisani?"

"Atakuwa, Koko."

"Alifunga naye?"

"Tulifunga pamoja."

"Na weye uliomba muzuri kumupita?"

Mchi ukabaki hewani. 

"Yoeli ni mutoto wangu," Koko akasema, taratibu, bila hasira. "Mi njo nilimuzaa. Iko muzima, na mi sijuwe ju ya nini. Mutoto wa mwenzangu amekufa, na mi sijuwe ju ya nini. We unajua?"

"Hapana, Koko."

"Basi wende useme asante. Sababu yenyewe umuachie Mungu, ni yake."

Akarudi kwenye mchele wake. Hakuongeza neno. Nilitaka kumjibu kwamba Biblia inasema hivi na vile, lakini niliona anachagua tena mchele uleule aliokwisha kuuchagua, nikaelewa kwamba mama huyu naye aliomba siku zile zote, bila mimi kusikia.

Kanisani mchungaji aliniita mbele. Watu walishaanza kupiga vigelegele. Niligeuka nikamwona Godeliva kwenye kiti cha korale, ameinamisha kichwa, ameshika ukingo wa kiti kama mtu anayengoja kupigwa. Maneno yangu yote yakapotea. Nikasema:

"Ndugu, Yoeli amerudi. Melkiori hajarudi. Tuliomba maombi mamoja, mimi na dada yangu. Kwa nini imekuwa hivi, sijui. Ninamshukuru Mungu kwa Yoeli, na ninalia na Godeliva. Mtuombee sisi wote wawili."

Hapakuwa na kigelegele. Mwimbishaji hakujua wimbo gani auanzishe. Nilienda nikaketi karibu na Godeliva, akaulaza uso wake begani kwangu, akalia kwa sauti mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha, sijui ni nani aliyeanza, mama mmoja akasimama akaja kutushika, na mwingine, na mwingine. Mahubiri hayakuwepo siku ile.

Tulipotoka nje, Godeliva aliniambia jambo ambalo nimelibeba mpaka uzee huu. "Leo sikutaka kuja. Nilijua utasimama. Nikasema moyoni, kama atasema ni imani yake ndiyo iliyomwokoa Yoeli, basi mimi ndiye niliyemuua Melkiori kwa kukosa imani. Na hapa sitarudi tena."

Fikiria, mwanangu. Maneno yale yalikuwa tayari mdomoni mwangu!

Mungu amekuwa mwema kwetu sote wawili, kila mmoja kwa njia yake. Yoeli anachechemea, na tangu siku ile hakurudi mgodini. Alilima na kutengeneza baiskeli. Mashamba yale mawili tuliyaunganisha, na watoto wa Godeliva walikula kwetu kama wa kwetu. Binti yake mkubwa sasa ni mwalimu Fizi. Koko Anjelani tulimzika akiwa ameshiba siku, na Godeliva ndiye aliyeongoza wimbo.

Ninachotaka ushike ni hiki. Mwamini Mungu katika yote, katika shamba na safari, ukila na ukilala njaa. Omba bila kuchoka, mwombe hata makubwa. Lakini akikujibu, usijifanye kwamba imani yako ndiyo iliyomlazimisha. Na mwenzako asipopata, usimtafutie kosa. Kumtegemea Mungu ni pamoja na kukubali kwamba hatujui, na bado tukae miguuni pake, tumshike mkono aliye karibu.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe chakula cha leo na moyo wa kukipokea bila majivuno. Ukinyimwa, asikuache peke yako. Na siku utakaposimama mbele ya watu na furaha yako mikononi, akupe macho ya kumwona yule aliyeinamisha kichwa. Amina.