Kamata Kiti

Siku yangu ya kwanza mahakamani tulikuwa sita: hakimu mwanamke mwenye sauti ya chini, mwendesha mashtaka, wakili wa utetezi, askari wa mlangoni, Furaha, msusi Mkongomani wa mtaa wa Kensington, aliyesimama kizimbani, na mimi, mkalimani wa Kiswahili, mzaliwa wa Tanga.

Shule niliiacha darasa la sita wazazi walipofariki, nikalea wadogo zangu wanne. Kiingereza na Kizulu nilivipata nyuma ya kaunta ya spaza, kiduka cha mtaani, baada ya kuhamia Soweto. Kabla sijaapa, mkuu wa wakalimani alinipa kanuni moja: "Mshtakiwa akisema 'mimi niliiba', nawe sema 'mimi niliiba'. Mimi yako iache mlangoni. Ukitaka kujitaja, sema 'mkalimani'."

Furaha alishtakiwa kwa kuiba mtoto. Alijieleza: "Nilimukamata mutoto pale robot, kwenye mataa ya barabarani, alikuwa analia." Nikafasiri kwa neno la Kiingereza ambalo polisi hulitumia wakimdaka mwizi. Hakimu aliinua kichwa, akaandika. Dhamana ikakataliwa. Furaha akarudishwa mahabusu, na nyumbani alikuwa ameacha mtoto wa kunyonya.

Wiki mbili baadaye nilimpelekea fundi cherehani Mkongomani sketi yangu ya kazi.

"Mama, kamata kiti."

"Nikikamate, kwani kinakimbia?"

Akacheka. "Ninyi Watanzania! Kwetu kukamata ni kuchukua tu. Kamata kiti, kamata chai, kamata mutoto."

Sketi niliiacha mezani, bila hata kupimwa.

Asubuhi nilimweleza mkuu wa wakalimani. "Eish, dada, nyamaza," akasema. "Utafukuzwa. Wadogo zako watakula nini?" Nilizunguka ukumbini mara tatu, kisha nikabisha ofisini kwa hakimu, nikamweleza.

"Umekosea maneno mangapi?"

"Moja, Mheshimiwa."

"Hilo moja ndilo nililomfungia."

Kesi ikaitwa siku hiyohiyo. Hakimu akaniagiza nimfasirie mshtakiwa kosa lenyewe. Nikamgeukia Furaha: "Mkalimani anasema alikosea."

"Mkalimani gani?" akauliza.

Nikalifasiri na swali lake pia. Mwendesha mashtaka alicheka, hakimu hakucheka. Furaha alitoka kwa dhamana siku ileile, na baadaye mama wa mtoto aliyepotea alieleza yote, kesi ikafutwa. Lakini siku ile Furaha alipofika nyumbani maziwa yalikuwa yamekauka.

Sikufukuzwa. Hakimu alipopandishwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu, alinitaka huko. Nimefasiri kesi za mauaji, unyang'anyi, ubakaji. Kila neno lilipokuwa na njia mbili, niliinua mkono: "Mkalimani anaomba kuuliza." Siku niliyostaafu jaji aliniambia, "Umenichelewesha miaka yote hii."

"Samahani, Mheshimiwa."

"Usiombe radhi. Ndiyo kazi yenyewe."

Sasa sina kazi na kukaa kumenishinda. Kwenye foleni ya mkate nasikia watu wakiongea, nami moyoni nafasiri. Miguu hunipeleka Kensington kila wiki, mbele ya saluni ya Furaha. Binti yake, yule aliyeachishwa ziwa na neno langu, siku hizi husuka wateja na kuongea Kizulu tupu.

Jumanne iliyopita Furaha aliniona nimesimama mlangoni. "Ingia, mama, kamata kiti."

Nikasema nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote. Nimesema "mimi" kwa niaba ya wezi na wauaji, na kwake bado sijasema: mimi nilikosea, nisamehe.