Suti Yenye Nafasi ya Kunenepa

Nilipokuwa nauza maji machimboni Nyangoto, wachimbaji walisema siku ya sherehe ya sendofu ya mchumba wangu nitavaa suti ya kuazima. Nilirudi na stashahada niliyojisomesha mwenyewe, kwa hiyo nikaenda kwa fundi cherehani Tarime mjini kushonesha yangu.

"Niachie nafasi," nikamwambia. "Msomi hunenepa."

"Nafasi kiasi gani, bosi?"

Nikamwonyesha Mzee Chacha, mchuuzi wa ng'ombe, aliyejaza benchi zima akisubiri suruali yake. "Mpime huyu."

Mzee akacheka, akainua mikono, akapimwa.

Siku ya sendofu, kule Nyambureti, mikono ya koti ilinifunika kucha, na suruali niliishikilia kwa mkono uliojificha mfukoni. Bado nilitembea kifua mbele. Kumbe Mzee Chacha naye alialikwa. Shangazi wa mchumba wangu akanitazama mimi, akamtazama yeye, kisha akamwendea mezani.

"Mzee Chacha, asante kwa kumwazima mkwe wetu suti."

Nikamkazia macho mzee ili akanushe. Akamaliza kwanza kutafuna nyama.

"Asiichafue tu," akasema.